Madumu Juu ya Bati la Mama

Gari la matangazo lilipopita mtaani kwetu Newala kutuambia kimbunga kinakuja, lilisema mambo yaliyo wazi kabisa. Fungeni madirisha. Ingizeni ndani kila kilichoko nje, maana upepo utakirusha. Wekeni vitu vizito juu ya mabati. Spika yake ilikuwa mbovu, lakini ujumbe ulifika, na hakuna nyumba iliyoweza kusema haikusikia.

Basi gari halijakata kona ya sokoni, mtaa mzima ukaanza kutoa vitu nje. Masufuria yalitoka. Makarai yalitoka, na mabeseni ya kufulia, na ndoo zenye mpini na zisizo na mpini. Jirani yetu mmoja alilikokota lile sufuria kubwa la shughuli, la kupikia pilau ya harusi, akalitegesha katikati ya uwanja. Mgeni angepita pale angedhani tumepagawa. Lakini katika tangazo lote lile, sisi tulikuwa tumesikia neno moja tu, nalo ni mvua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Masasi, na siku zile nilikuwa nimepanda kuja nyumbani kwa likizo fupi. Nilisimama mlangoni nikawacheka majirani mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaenda jikoni, nikachukua beseni, nikalitoa nje na mimi. Damu nzito.

Asiyekulia kwetu hawezi kuelewa. Mji wa Newala umekaa juu kabisa, ukingoni mwa uwanda. Ukisimama pale mwisho wa mji unauona Mto Ruvuma bondeni, maji yanang'aa. Unayaona tu. Mabomba yapo, lakini yana tabia ya kutoa upepo, na bibi zetu walizeeka wakishuka na kupanda ule mteremko na vyungu kichwani. Kwa hiyo kwetu bati limo katika hesabu ya vyombo vya jikoni. Mtoto akirusha kitu juu ya paa anachapwa kwa kosa la kuchafua maji. Hakuna anayethubutu kuanika mihogo juu yake. Na kila mwaka kabla ya masika, Mama huegesha ngazi, hupanda na ufagio wa chelewa, hufagia bati lake mgongo kwa mgongo, kisha hulifuta kwa kitambaa. Maji yakishuka yanapita kwenye gata, ile mifereji ya bati ya ukingoni mwa paa, halafu kwenye bomba la plastiki, halafu kisimani nyuma ya jiko.

Kisima hicho nacho kina kisa chake, na bila hicho kisa haya mengine hayaeleweki.

Siku ya harusi ya dada yangu, mama mkwe wake alipanda kutoka kijiji kimoja cha pwani, karibu na Mtwara. Ni mama mrefu, mkulima wa mwani, ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wenzake majini huku upepo unavuma. Adhuhuri akaomba maji ya udhu. Wakati ule nyumba yetu ilikuwa bado ya makuti na hatukuwa na kisima, na maji ya kununua yalikuwa yameishia kwenye pilau. Mama akampelekea kikombe kimoja, kile cha bati chenye maua mekundu. Yule mama alikitazama kikombe, akatazama kama kuna kingine kinakuja nyuma yake. Akatawadha alivyoweza. Jioni, wakati wa kuagana, akasema mbele ya watu wote, kwa utani ambao haukuwa utani:

"Mkwe, nyumba ni nzuri na watu ni wazuri. Lakini mjukuu wangu hatazaliwa kwenye nyumba ya kikombe."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kwa sababu ndiyo adabu. Ila mimi nilimwona mikono yake ilivyokuwa inaukunja upindo wa kanga. Kwetu binti akipata mimba ya kwanza anarudi kwa mama yake kujifungulia, na mama ndiye anayemwogesha yule mtoto mpaka arobaini itoke. Kumnyima mama jambo hilo ni kumwambia kwamba hakulea vizuri.

Mama hakubishana. Kesho yake alifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akaanza kuchimba nyuma ya jiko. Mjomba, mdogo wake, akaja kumsaidia. Korosho za misimu miwili zilikwenda kwenye saruji, mabati na gata. Wenzake walinunua makochi, yeye alinunua shimo. Waliomcheka wakati ule sasa huja kuomba ndoo, naye huwapa, ila kwanza huwakumbusha makochi yao.

Dada alipopata mimba, maneno yalikwenda na kurudi kwa simu. Mama alisema maji yapo. Mama mkwe alisema atayaamini akiyaona, na kwamba Mtwara kuna hospitali kubwa na kisima mlangoni. Mambo yakabaki hivyo, tumbo linakua, hakuna aliyeshinda.

Na mwaka huo masika yalitubania. Kisima cha Mama, kilichokuwa kimejaa mwaka uliotangulia, kilikuwa na maji ya kufika magotini.

Hali ndiyo hiyo gari la matangazo lilipopita. Muda mfupi baadaye simu ikalia. Dada alikuwa ndani ya basi, wamekwisha pita Tandahimba. Kijijini kwao walikuwa wameambiwa wahame ufukweni, wengine wamekwenda kulala shuleni, yeye ameambiwa na mumewe apande kwa mama yake mpaka hali itulie. Mume amebaki kulinda nyumba.

"Uko peke yako?" Mama aliuliza.

"Niko na mama mkwe."

Mama alikata simu, akaniambia, "Lete ngazi." Bati lilikuwa safi, lakini alilifagia upya.

Tuliwapokea stendi. Dada alishuka taratibu, tumbo mbele, uso umechoka. Nyuma yake akashuka mama mkwe. Nikampigia magoti, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huku juu?" Kisha akamgeukia kondakta. "Haya, nishushie mizigo yangu."

Kondakta akafungua buti la basi. Likatoka begi la dada, la kijani. Likatoka kapu la pweza mkavu. Halafu yakaanza kutoka madumu. Madumu makubwa ya njano, yamejaa mpaka shingoni, moja baada ya jingine, manane.

"Maji," alisema mama mkwe, na kwa kweli uso wake ulikuwa wa mtu mwenye nia njema. "Mkwe, nimesema nisiwatwishe mzigo. Najua shida yenu."

Pale stendi palikuwa na waendesha bodaboda, wauza karanga na nusu ya wanawake wa mtaa wetu. Kila mmoja alisikia. Mtu ametoka Mtwara na maji, kuja nyumbani kwa Mama. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama yeye alitabasamu, akasema, "Ahsante sana, mkwe, umejisumbua," kwa sauti nyororo iliyonitisha kuliko kelele.

Nyumbani aliniamuru niyapange madumu yote ukutani, nje ya jiko. "Yasiguswe. Wageni watarudi nayo kwao." Kisha akafungua kisima, akaanza kuchota. Kila mgeni alipelekewa ndoo nzima ya kuoga, imejaa pomoni, na nyingine ya kujisuuza. Miguu ya dada ilikuwa imevimba, Mama akaiweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akayamwaga, akaweka mengine. Nilimfuata jikoni.

"Mama, hivi utamaliza kisima."

"Mvua inakuja."

"Na isipokuja?"

"Wewe ni mwalimu wa hesabu au wa mkosi?"

Akarudi na ndoo yake. Nilichungulia kisimani, na nilichokiona ni sakafu, maji yamebaki kiduchu. Kama mvua ingetukwepa, au kama upepo ungeling'oa lile bati kabla mvua haijashuka, mama mkwe angeamka asubuhi akute nyumba ya kikombe ileile, na basi la kwanza lingemrudisha dada yangu Mtwara na mimba yake.

Kesho yake mchana mbingu ilikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona, ya risasi iliyochanganyika na kijani. Mikorosho ilikuwa imeanza kugeuza majani. Mjomba akaja na baiskeli, amebeba magunia ya korosho matupu na koleo.

"Dada, tujaze nchanga," alisema. "Upepo huu hautanii. Bati lako litatua Nsumbiji."

"Mchanga haupandi kwenye bati langu."

"Watu wote wanaweka nchanga!"

"Watu wote hawana mjukuu njiani. Gunia la korosho linavuja kama chekeche. Mvua ikipiga, mchanga wote unashuka kisimani. Nimwogeshe mtoto matope?"

"Basi tuweke mawe."

Hapo hata Mama alicheka. Uwanda wetu ni mchanga mtupu, jiwe la kumtupia kunguru unalitafuta kutwa nzima. Mimi ninayekaa Masasi, mji uliozungukwa na majabali makubwa yasiyo na kazi yoyote, nilijuta sikupanda na hata moja.

Mjomba akasema basi, kama hataki mchanga, afungue gata ziingizwe ndani, kwa sababu upepo utaanza na hizo, ukizipata zitavuta na mabati. Tangazo lilisema hivyohivyo. Mama akajibu kwamba bila gata mvua itapita mbele ya macho yake. Wakabishana mpaka Mjomba akatupa koleo chini.

"Haya! Ubaki na kisima bila nyumba!"

Upepo ukavuma kidogo, ukingo wa bati moja ukagonga mbao za kenchi. Ta. Ta. Mama aliinua macho. Alisimama katikati ya uwanja, na sikuwahi kumhurumia kama siku ile. Alikuwa amebanwa kati ya paa na maji yake, na mkwe wake amesimama mlangoni anatazama.

Kisha nikaona macho yake yanatembea. Yalitoka kwenye bati, yakapita kwenye baiskeli ya Mjomba, yakashuka ukutani, yakatua kwenye yale madumu ya njano. Yalikuwa yamefungwa vifuniko, masafi, mazito, na hayavuji hata tone.

Kwetu kila mtoto anajua madumu yanavyobebwa kwenye baiskeli. Unayafunga mawili kwa kamba moja, unaitupa kamba juu ya kiti cha nyuma, dumu moja kulia, moja kushoto. Nilijua anachofikiria. Nilijua pia kitakachomgharimu, kwa sababu madumu yetu wenyewe yalikuwa matupu, na kuyajaza kungekikausha kisima. Ilibidi aombe yale yale aliyokuwa ameyakataa.

Alimwendea mama mkwe pale mlangoni. "Mkwe," alisema, "yale maji yako nayahitaji."

Mama mkwe akatabasamu. "Si nilikuambia?"

"Si ya kunywa. Nataka yapande juu ya nyumba."

Alipoelezwa alicheka kicheko kikubwa, kile cha watu wa majini. Halafu alimtazama dada, ambaye alikuwa ameketi ndani na mikono juu ya tumbo, akaacha kucheka. Akafunga kanga yake vizuri. "Kamba iko wapi?"

Mjomba alitaka kufunga yeye. Alifunga dumu la kwanza, mama mkwe akalivuta mara moja, fundo likafunguka. "Kaa pembeni, baba," akamwambia. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, ndani ya bahari inayokwenda na kurudi. Mafundo yake yalikuwa madogo, ya haraka, na kila ulipovuta yalizidi kukaza. Alifunga madumu mawili mawili, Mjomba akayapandisha, mimi nikashika ngazi, na Mama akiwa juu aliyatandaza pande mbili za mgongo wa nyumba, kamba ikapita kileleni. Kila dumu alilifuta kwa upindo wa kanga kabla ya kulilaza. Upepo unavuma, sisi tunafuta madumu. Kamba iliyobaki mama mkwe aliitumia kuzifunga gata kwenye kenchi, hatua kwa hatua, akipanda ngazi mwenyewe. Wakati wa kushuka nilimsikia akisema peke yake, "Hili bati lilivyo safi, mtu anaweza kulia wali juu yake."

Mama alisikia. Alinyoosha mgongo.

Mvua ilifika alasiri. Kwanza ulikuja upepo ulioulaza muhogo wote shambani, na mkorosho wa jirani ukakatika tawi zima. Masufuria ya mtaa yalianza safari. Nililiona beseni letu likipita mlangoni, likifuatana na lile sufuria la shughuli, likibingirika kuelekea sokoni. Kisha mvua ikashuka yote kwa mara moja.

Tukajifungia ndani. Tulipohesabiana, Mama hakuwepo.

Alikuwa nyuma ya jiko, ameshika lile bomba la kisimani kwa mikono miwili, amelielekeza pembeni, maji yanamwagika chini bure. Ndivyo inavyotakiwa, maji ya kwanza ni ya kuoshea paa. Mama mkwe alifungua mlango wa nyuma, akapiga kelele.

"Mkwe! Yaingize! Mvua ikikatika je?"

"Bado machafu!"

"Ingia ndani, utakufa!"

Mama aliweka kiganja, akakinga, akaonja, akatema. Akaendelea kushika bomba. Juu ya nyumba mabati yalinyanyuka, nikayaona kwa macho yangu yakipumua, na madumu yakayarudisha chini kwa kishindo. Yakanyanyuka tena, yakarudishwa tena. Dada alikuwa analia ndani. Mimi nilikuwa nasema kila dua ninayoijua. Mama akakinga tena, akaonja, akameza. Ndipo akaligeuza bomba. Tukasikia maji yakiingia kisimani, sauti nene, ya kushiba, na Mama akaingia ndani akitiririka, akasema, "Sasa mfunge mlango."

Asubuhi redio ilisema kimbunga kimetua kusini, ng'ambo ya Ruvuma. Tulisikitika kweli, maana kule tuna ndugu, na Mama aliinua mikono akawaombea kabla hajatoka nje kuangalia chake. Sisi tulikuwa tumepitiwa na mkia tu. Paa lilikuwa mahali pake. Gata zilikuwa mahali pake. Kisima kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na maji ya ziada yanachuruzika taratibu kuelekea kwenye mbaazi.

Mama mkwe aliinama akayatazama kwa muda. Ungeweza kuona sakafu, kila mstari ulioachwa na mwiko wa Mjomba kwenye saruji. Mama akamletea ndoo ya udhu, imejaa. Yule mama aliikataa kwa mkono. Aliingia jikoni mwenyewe, akatafuta rafuni, akatoka na kile kikombe cha maua mekundu. Akakichovya, akatawadha kwa kikombe kimoja bila kumwaga hata tone nje ya utaratibu.

"Kinatosha," alisema.

Mumewe dada akapiga simu. Nyumba ni nzima, mnazi umeanguka kwenye uzio, lakini kile kisima cha mlangoni kimeingiliwa na mafuriko, maji ni tope na chumvi, hayafai. Mama mkwe akasema inabidi arudi akasaidie. Mjomba akayashusha madumu. Maji ya Mtwara Mama aliyatumia kufulia na kuoshea baiskeli, yote, kwa heshima. Kisha akaanza kuyajaza upya kutoka kisimani, akitumia kitambaa cheupe kuchujia, ingawa hapakuwa na cha kuchuja.

Stendi ilikuwa na watu walewale. Kondakta alipoona madumu yanapangwa mbele ya buti akavua kofia.

"Maji haya yanakwenda wapi?"

"Mtwara," Mama alijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza karanga.

"Kutoka Newala?"

"Kwani hapa ni wapi?"

Watu walipiga vigelegele. Sisemi uongo, walipiga vigelegele kwa ajili ya madumu. Mimi niliyewahi kuwadanganya wenzangu wa Masasi kwamba kwetu maji si shida, siku ile nilisimama pale na kichwa juu, na machozi yananitoka mchana kweupe.

Kondakta akapakia yote manane, halafu akalinyooshea mkono lile begi la kijani lililokuwa miguuni mwa dada. "Na hili?"

Dada alimtazama mama mkwe wake. Mama alitazama pembeni, kule barabarani, kama mtu asiyehusika, lakini upindo wa kanga ulikuwa umeingia mkononi tena.

Mama mkwe alipanda ngazi ya basi kwanza. Akageuka. "Hilo linabaki," alimwambia kondakta. "Mwenyewe anabaki. Anajifungulia kwa mama yake."

Mama aliuachia upindo. Alikwenda mpaka kwenye dirisha la basi, akashika mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili, akaushika sana. Nilifikiri atashukuru. Nilifikiri labda atalia.

"Karibu tena, mkwe," alisema. "Ila siku nyingine uje mikono mitupu."